Maji Kifuani mwa Firigogo

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, enzi za Mdachi, nilipomshika ndege hai mkononi nikajiona bingwa, na kabla jua halijapanda nikawa nalia kama mtoto mdogo. Jana uliniuliza ni wapi pazuri pa kwenda kuwatazama ndege pamoja na wanao. Nitakutajia, lakini keti kwanza, kwa maana njia ya kufika huko inapita kwenye kosa langu.

Kwetu tulikuwa wanne: baba yangu Ndahani, mama, kaka yangu Chilewa, na mimi, binti niliyekaribia kuposwa. Baba alikuwa na tabia ambayo majirani waliicheka. Uwele ukishapurwa na kuhifadhiwa, alituamsha alfajiri, mama akachukua kibuyu cha maziwa ya mgando, tukaenda wote porini kutazama ndege. Si kuwinda, kutazama tu. "Ndahani anakwenda kuwaamkia ndege," watu walisema. Baba alicheka nao, akaendelea na safari yake.

Hakutembea ovyo. Alisema, ukimtaka ndege, tafuta kwanza anachokitaka yeye. Mvua zikinyesha alitupeleka penye majani marefu, ambako minana husuka viota. Mavuno yakiisha tulikwenda kwenye mabua, ambako ndege huokota punje. Ng'ombe wakienda malishoni, tulifuata nyuma, maana yangeyange hufuata kwato zinazofukuza panzi. Na kiangazi kikikaza, alituambia tutafute maji, hata yawe ya kujaza kata moja.

Maji yale niliyapata mimi. Nilikuwa nikitafuta kuni kwenye vilima vya upande wa Mkonze, nikaona kundi la firigogo likipita juu. Huwajui? Ni ndege wa ukubwa wa njiwa, rangi ya vumbi, wakitulia chini hata ukiwakaribia huwaoni. Niliwafuata siku tatu, kila siku nikianzia pale waliponipotea jana yake. Siku ya tatu nikafika kwenye kidimbwi katikati ya miamba. Walishuka kwa mamia, wakanywa, wakaruka. Mwanangu, nilisahau hata kuni zangu.

Nilipowapeleka watu wa nyumbani, baba alikaa pale asubuhi nzima akiwatazama. Wakati wa kurudi akaniambia, "Leo wewe ndiye umetuongoza." Sikumbuki sifa nyingine iliyonikaa moyoni kama ile. Lakini sifa ni kama pombe, humwendea kichwani asiyeizoea.

Wakati huo Wadachi waliokuwa wakipima njia ya reli walikuwa wamepiga mahema mwendo mfupi kutoka kwetu. Mmoja wao alikusanya ndege, akawachuna ngozi na kuzijaza pamba, wakae kama wazima. Mkalimani wake, Feruzi, mtu wa ukoo wa wasafiri wa misafara ya biashara aliyehamia kwetu, alipita kisimani akituuliza sisi wasichana nani anajua mahali penye ndege wengi. Mimi nikajibu kabla hajamaliza kuuliza. Akasema nimletee mmoja kama ushahidi, kisha nimwongoze bwana wake na bunduki yake, nami nitapata doti ya kaniki, nguo ya kuvalia harusi siku ikifika. Nilimkubalia papo hapo. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi ulimi wangu ulianguka kifudifudi.

Basi asubuhi hiyo niliondoka peke yangu. Nikasokota vitanzi kwa singa za mkia wa ng'ombe, nikavitega ukingoni mwa maji. Ndege walishuka. Dume mmoja aliingia majini hadi tumboni, akawa anajitikisatikisa kama anayeoga. Alipotoka, mguu wake ukanasa. Nikamrukia, nikamfunika kwa nguo yangu, nikashuka mlimani mbio.

Njiani nikakutana na baba, amefuata nyayo zangu.

"Umebeba nini?"

Nikamwonyesha. Nikamweleza yote, habari za kaniki pia, nikitumaini atafurahi. Hakugomba. Alishika kidole changu akakipeleka kifuani mwa yule ndege.

"Unasikia nini?"

"Amelowa, baba."

"Amekwisha kunywa. Sasa haya aliyobeba nje ni ya nani?"

Nikamgeuza yule ndege, nikamtazama kifuani.

"Ana watoto," baba akasema. "Hawajaweza kuruka, na walipo hapana maji. Huyu huwabebea kwa manyoya yake. Jua hili likifika utosini kabla hajarudi, watakufa. Mwanangu, wewe uliyekuwa na macho ya kupaona mahali pale, ilikuwaje usimwone mwenye mahali?"

Hapo ndipo nilipolia. Nikataka kumwachia, baba akanizuia. "Maji yamemwishia kwenye nguo yako. Turudi kwanza."

Tulipanda mbio, mwanangu, baba na uzee wake na mimi na kwikwi zangu. Nikamweka yule ndege ukingoni, tukajificha nyuma ya jiwe. Alichechemea. Nikadhani nimemvunja mguu. Alisimama kidogo, kisha akaingia majini, akajitikisa vilevile, akaruka kuelekea bondeni. Tukamfuata kwa macho hadi alipotua, halafu tukaanza kushuka polepole tukiinama, kwenye changarawe inayounguza nyayo. Nilitafuta sana bila kuona kitu. Baba akaniambia, "Acha kutafuta. Kaa."

Nikakaa. Ndipo nikawaona. Yule dume alikuwa amesimama wima, kifua mbele, na vifaranga vitatu, vidogo kama mawe ya bao, vimejipenyeza chini yake, kila kimoja kikifyonza maji kwenye unyoya. Kimoja kilikuwa dhaifu, kilianguka mara mbili kabla hakijafika. Lakini kilifika, kikanywa.

Baba alinishika bega. "Bado kuna ahadi yako," akasema. "Twende tukaifungue."

Kumvunjia Mdachi ahadi siku zile hakukuwa mchezo, kiboko tulikijua. Lakini baba alitangulia mbele yangu hadi kambini, akamsalimia mkalimani, "Mbukwa, bwana Feruzi," kisha akanisukuma nijisemee mwenyewe.

"Sitawapeleka," nikasema. "Nilikubali bila kufikiri. Wana watoto sasa."

Feruzi alikasirika. "Binti, nimeshamwambia bwana! Unataka nichapwe mimi?"

"La, hatutaki uchapwe," baba akajibu. "Mwambie bwana wako kanga wamejaa kwenye mashamba yetu, na tukipanda watatufukulia mbegu zote. Hao ni wazuri kuliko firigogo, wana madoa. Mwanangu Chilewa atawapeleka kesho, na kijiji kizima kitawashukuru."

Feruzi alitutazama mmoja mmoja, akaingia hemani. Tulisimama juani kwa muda ambao mimi niliuona mwaka. Alipotoka, alikuwa akicheka. "Bwana anauliza, hao kanga ni wengi kiasi gani?"

Doti sikuipata, na siku ya harusi yangu nilivaa nguo ya kuazima. Sikuijutia. Hadi mvua zilipoanza tulikwenda kidimbwini mara nyingi, sisi wanne, tukapitisha kibuyu mkono kwa mkono, tukihesabu vifaranga vikikua. Vyote vitatu viliruka.

Basi, mwanangu, wapeleke wanao kwenye vilima vya Mkonze, kiangazi, jua likishachomoza. Wakalishe mbali na maji, wawaache wenye maji wanywe kwanza. Na nasaha yangu ni hii: kila umwonaye amebeba kitu, iwe ndege, iwe jirani, ujue kuna anayemsubiri, usimnyang'anye wala usimcheleweshe. Ukikuta jambo jema, usiwe mwepesi wa kuliuza kwa maneno. Na ukishakosa, rudi siku hiyohiyo ukalitengeneze kosa lako, kwa miguu yako na kwa kinywa chako.

Mungu akupe macho yanayoona kabla mikono haijashika. Nyumba yako isikose maji wala kicheko, na wanao wakutunze uzeeni kwa heshima. Nenda salama.