Mahali Sindano Iliporuka

Enzi zetu, kucheza muziki sebuleni kulikuwa na sheria. Gramafoni ya baba ilikaa juu ya kabati la vyombo, kwetu Bungoma, na kabati lenyewe lilikuwa na mguu mmoja mfupi. Ukiruka, sindano nayo inaruka. "Chezeni na mabega, miguu muiache," baba alikuwa akituambia. Ndiyo maana watoto wa nyumba ile hadi leo tunacheza kama watu waliobeba mtungi kichwani.

Mimi na kichwa changu kigumu, siku moja niliruka. Sindano ikateleza na kuchora mkwaruzo katikati ya santuri aliyoipenda baba kuliko zote, wimbo wa soul wa Mmarekani fulani ambaye hatukumjua jina, maana lebo ilishachunika zamani. Nilingoja kiboko. Baba aliipangusa tu kwa kitambaa cha miwani. Tangu hapo, wimbo ukifika penye mkwaruzo, aliinua sindano kwa kidole na kuimba mwenyewe: "Nekesa, Wafula, Simiyu, na mama yenu," kisha akairudisha mbele kidogo. Tulipomuuliza mwimbaji anasema nini pale, alijibu bila hata kutabasamu, "Anawasalimu nyinyi." Niliamini. Nikaenda shuleni nikawatambia wenzangu kwamba kuna mtu Marekani anayetujua kwa majina.

Baba alifariki, santuri ikavunjika tulipohama, na mimi nikabaki na swali: pale palikuwa na nini hasa? Miaka yote ya uuguzi hapa Doha nimeiimbia simu wimbo ule ili iutambue, nayo ikaniletea nyimbo za watu wengine. Shiru, msichana ninayeishi naye mtaa wa Muaither, alichoka kabla yangu. "Auntie, labda mliota tu," alisema.

Ijumaa iliyopita, ambayo ndiyo siku yetu ya ibada hapa Qatar, tulipotoka kanisani nilimburuta hadi Al Wakrah, mji wa jirani. Huko Ouma, dereva wa basi la shule, huwachezesha watu soul kwa santuri pekee, alizozibeba kutoka Kisumu zimeviringishwa kwenye blanketi. Shiru alisikia ile michakacho ya sindano akacheka. "Kwani hii ngoma inakaangwa?" Macho ya Ouma yalikuwa kwenye miguu ya wachezaji, ingawa gramafoni alikuwa ameilaza juu ya godoro.

Akabadilisha santuri. Ngoma zilipogonga mara nne tu, niliujua. Nilisogea hadi penye gramafoni, nikamsihi asiguse chochote mpaka uishe.

Tukafika pale. Hapakuwa na neno hata moja. Ilikuwa saksafoni peke yake, ikipigwa polepole. Nililia, sifichi, halafu nikacheka, na Ouma akaniletea kiti. Shiru alikuwa ameinua simu yake juu, na safari hii simu ikautambua wimbo papo hapo.

Sasa ninao mzima, safi, nausikiliza hata ndani ya basi la kazini. Vijana wamepata raha, siwaonei kijicho: wanaruka watakavyo na muziki hautetereki. Shiru ana maelfu ya nyimbo kwenye simu ile, na hakuna hata mmoja uliowahi kumtaja jina.