Homa ya binti yangu mwenye chembe nyeupe chache za damu: muuguzi aliandika malaria kabla ya kutoboa kidole

Wakuu, salamu kutoka Kamina, Kongo. Haya yamenipata mimi na binti yangu Numbi, miaka minne. Sijaongeza chumvi.

Uvumilivu wangu uliisha asubuhi, kwenye benchi la kituo cha afya cha kwetu. Infirmier, yaani muuguzi, alifungua carnet ya mtoto, daftari lake la kliniki, akaandika "paludisme", malaria. Sindano ya kutoboa kidole ilikuwa bado kwenye karatasi yake.

"Infirmier, hauyatoboa kidole, ulishaandika?"

"Maman, mutoto iko na homa. Hapa homa njo malaria. Weye njo munganga?"

"Hapana, miye njo mama yake. Angalia mu kinywa."

Hakuangalia. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Mumuache Papa infirmier, macho yake njo microscope." Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Nirudi nyuma kidogo. Ilikuwa homa ya tatu ndani ya wiki chache. Mara mbili alipewa dawa ya malaria pale pale kituoni, pamoja na sindano ya kushusha homa, métamizole. Kwetu mzazi akitoka bila sindano anaona mtoto hajatibiwa. Nami niliidai, nakiri.

Safari hii alikuwa na vidonda mdomoni, hata uji hamezi.

Nikanyakua carnet, nikamfunga mtoto mgongoni, nikapanda pikipiki mpaka hospitali kubwa.

Docteur, mwanamke, alianza na tochi mdomoni. Akasikiliza mapafu, akaangalia masikio na ngozi yote, akaomba mkojo. Kipimo cha malaria kikatoka négatif, malaria hakuna. Kisha wakahesabu chembe za damu. Zile nyeupe, zinazopigana na vijidudu, zilikuwa karibu zimeisha.

Alinieleza hivi: mtu wa namna hiyo anaweza kuwa na maambukizi makali bila usaha wala uvimbe. Homa inaweza kuwa dalili pekee. Ndiyo maana unatafuta chanzo mwili mzima, na antibiotic ya mshipa inaanza hapo hapo, majibu mengine yataikuta njiani.

Métamizole akaisimamisha. Inaweza kuangusha chembe nyeupe. Hakusema ni hakika, alisema ndiyo anayoishuku kwanza.

Nikamuuliza, kama ningerudi nyumbani na vidonge vya malaria?

"Maman, usiniulize hiyo."

Tulilazwa siku tisa. Chembe zikapanda. Sasa anakula bukari, ugali wetu, na ananigombeza.

Mashine ya kuhesabu damu infirmier hana, najua. Lakini simu yenye tochi alikuwa nayo mkononi.

Nilichojifunza: homa inayorudi, tena na vidonda mdomoni, dai damu ihesabiwe. Usidai sindano. Wauguzi na watu wa maabara mlio humu, nilipokosea nisahihisheni. Wazazi, nyie mlijibiwaje mlipobisha? Barua niliyompelekea médecin-chef wa zone, daktari mkuu wa eneo letu la afya, ni hii, nakala yangu ina mhuri wa kupokelewa:

"Docteur, mimi mama wa Numbi namshitaki infirmier wa kituo chetu. Aliandika ugonjwa kabla ya kupima, na alikataa kuangalia kinywa cha mgonjwa nilipomwomba. Naomba ugonjwa usiandikwe kabla ya jibu la kipimo. Homa inayorudi itumwe hospitali kuhesabiwa damu. Métamizole isitolewe kwa mazoea; mimi mwenyewe niliidai, na hakuna aliyeniambia hatari yake. Nataka jibu la maandishi, kwa sababu leo pia kuna watoto wenye homa kwenye benchi lile."