Kiganja Kifuani

Jirani yangu anayeuza vitambaa hapa Kariakoo hashiki mtu mkono tangu aanze dripu za saratani. Ukimnyooshea, anaweka kiganja kifuani na kukuuliza habari za watu wa nyumbani, mmoja baada ya mwingine, mpaka unasahau kwamba umenyimwa mkono. Wapo wateja wanaoona anaringa. Yeye anawakatia tu. Mkasi wake ukishaingia kwenye kitambaa hausimami mpaka utokee upande wa pili, hata mpige kelele kiasi gani.

Jana mchana, akimkatia dada mmoja, ulisimama. Alitoa kipimajoto kwenye mkoba, akakibana kwapani, kisha akanionyesha: thelathini na nane na ushee. Mimi, kama mtu yeyote wa mjini hapa, nilishaipa jina. "Malaria hiyo, jirani. Meza Panadol, jioni ukapime." Vidonge nilikuwa navyo mkononi tayari.

"Nikimeza, homa itajificha, nami nitajiona nimepona," alisema taratibu. "Hizi dripu zimemaliza askari wa damu yangu wa kupigana na vijidudu. Hospitali waliniambia ikipanda tu niende saa hiyo hiyo. Mmalizie dada hapa." Mkasi akauacha katikati ya kitambaa, mdomo wazi.

Nilimsindikiza mpaka kwenye bajaji. Alikuwa anatetemeka, nikajisahau, nikanyoosha mkono nimpandishe. Akaweka kiganja kifuani.

"Watoto hawajambo?" akaniuliza.

Nikaurudisha mkono wangu, nikauweka kifuani.

"Hawajambo," nikamjibu, na bajaji ikaondoka.