Mikayi hakunipenda, lakini maji yalipoingia ni yeye aliyekuja

Wakuu, habari za leo. Mpisheni mama mzee kidogo aongee.

Ninayosema yalinipata mimi mwenyewe, na aliyezaliwa siku hiyo ako hai. Nikiongeza chumvi atanisuta.

Nimeona vijana hapa wakibishana juu ya loyalty, sijui support system, nikasema acha nami nichangie.

Mwanzo wa miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa primary huko Nyakach, upande wa chini wa Katito. UT, yaani untrained teacher, lakini kizungu changu kilikuwa moto. Wiki moja nikawaandikia class six maneno ubaoni: support, loyal, dependable, yaani kushikilia, mwaminifu, wa kutegemewa. Wakaniandikia "a dog is loyal", "the post supports the roof", nguzo inashikilia paa. Nikapiga tick zote, nikaenda nyumbani nimeridhika.

Nyumbani nilikuwa mke wa pili. Mke wa kwanza kwetu Waluo anaitwa Mikayi, na ndivyo nitakavyomwita.

Mikayi hakunipenda, na mimi pia sikumpenda, tusidanganyane. Mume wetu alifanya kazi Kisumu. Akanunua redio, akaiweka kwangu. Tangu siku hiyo Mikayi hakuniongelesha tena. Akiwa na neno alimwambia mbwa: "Mwambie mwalimu mbuzi wake ako kwa mtama wangu." Na mimi nimesimama hapo hapo, mbwa anatuangalia tu.

Chekeni. Hata mimi siku hizi nacheka.

Basi nikapata mimba yangu ya kwanza.

Sasa, wale hawajui kwetu, mafuriko yetu huja na jua. Mvua inanyesha huko milimani upande wa Kericho, nyinyi huku chini mnaanika nafaka, halafu mto unavunja kingo. Siku hiyo uchungu ulinishika asubuhi, mume ako kazini. Mchana nikaona maji yakipita chini ya mlango, rangi ya chai ya maziwa. Nyumba ya mke wa pili ilikuwa imejengwa chini kidogo ya ile ya Mikayi, kwa hivyo yalianza na mimi.

Nilijaribu kusimama nikashindwa. Nikaita "Mama! Mama!" mpaka sauti ikakauka. Niliogopa, wakuu. Nilijua naweza kufia hapo na mtoto akiwa ndani.

Mlango ukasukumwa. Ni Mikayi, maji yamemfika magotini, nguo ameifunga kiunoni.

"Shika shingo yangu," akasema. Aliniambia mimi, uso kwa uso.

Akanibeba nusu, akanivuta nusu, mpaka kwake.

Huko ndiko nilikoona kitu ambacho hadi leo sijakisahau. Alishusha kikapu kilichokuwa kimening'inizwa darini. Ndani kulikuwa na wembe mpya, bado uko kwa karatasi yake, uzi, sabuni, na leso mbili safi. Mabinti zake walikuwa wameshaolewa wote, na yeye alikuwa amemaliza kuzaa. Mwenye mimba katika boma lile nilikuwa mimi peke yangu. Huyu mtu ambaye hata salamu hakunipa alikuwa amenitayarishia kila kitu.

Maji yakatufuata hata huko. Akanikalisha juu ya kitanda chake, yeye akasimama nyuma yangu ndani ya maji, mikono yake chini ya makwapa yangu. Kila uchungu ulipokuja nilimwegemea kwa uzito wangu wote. Nilisikia anatetemeka kwa baridi, lakini hakurudi nyuma hata kidogo. Mtoto alipokaribia akazunguka mbele, akampokea, akamkata kitovu, akamfunga kwa leso.

Nikampokea mtoto, nikamlaza kifuani.

Maji yakapungua, nikarudi kwangu. Na Mikayi akarudi kwa mbwa wake.

Hatukuwa marafiki, wakuu, na hiyo ndiyo inanishangaza kuliko yote. Mimi darasani nilikuwa nafundisha kwamba mtu loyal ni yule anayekupenda, na support nilidhani ni maneno matamu. Huyu hakunipa neno tamu hata moja. Lakini kama ni dependable, basi sijaona mwingine.

Mtoto alipoanza kutembea nilijikaza nikaenda kumuuliza. "Mikayi, siku ile mbona ulikuja? Sikukuita wewe. Nilikuwa naita mama yangu."

Alikuwa anapepeta mtama, na hakuacha.

"Mama yako alikuwa huko kwenu Seme," akasema. "Mimi nilikuwa hapa."

Funzo langu ni hilo, sina la kuongeza. Kama na wewe una mtu wa namna hiyo, hata kama hamsalimiani, mwandike hapa chini tumjue. Nasoma polepole siku hizi, lakini nasoma zote.