Mshauri wa Kaka Yangu

Mpaka leo nikisikia mtu anaitwa mshauri wa uchaguzi, mate yananijaa mdomoni, na si ya hamu.

Wa kwanza nilimwona kijijini kwetu, nyuma ya Ushirombo, miaka ya hamsini ikielekea mwisho. Alikuwa karani aliyefukuzwa mgodini huko Geita, suruali yake imenyooka kwa pasi. Kaka alimpa dume la ng'ombe amfundishe kushinda unsumba ntale, uongozi wa vijana. Nsumba ntale ndiye apigaye mbiu watu watoke kulima pamoja au kuchimba kaburi. Babu zetu walimchagua kwa kumtazama akishika jembe. Hawakuhitaji karani.

Mpinzani alikuwa jirani yetu, mchapakazi, kipenzi cha watu. Ila aliwahi kukosa maziko ya mzee mmoja, na kwetu asiyefika kaburini hana watu. Siku hiyo alinipakia kwenye baiskeli, uchungu wa uzazi umenishika, akanikimbiza misheni. Kijiji kizima kilikuwa msibani. Tuliojua ni sisi wa nyumbani tu.

Nikiwapakulia ugali, nilimsikia karani akimfunda kaka.

"Usimtukane, wala usiseme uongo. Waulize tu, siku ya maziko alikuwa wapi?"

Mkutanoni kaka akauliza. Jirani akajibu kwamba alinipeleka kujifungua, nami nipo, niulizwe. Wote wakanigeukia. Mume alikuwa amenitelekeza, na mimi na mwanangu tulikula kwa kaka. Nikainamisha kichwa. Sikukana, sikukubali, nilinyamaza kama karani alivyonielekeza kabla ya mkutano, na nilijichukia palepale.

Kaka akashinda. Karani akaswaga ng'ombe wake kuelekea Buseresere, akaharibu na kwingine, mwanaharamu yule.

Haikupita miezi mingi, jirani akafiwa na mama yake. Nikamwambia kaka apige mbiu, ndiyo kazi aliyoitaka. Akakataa; akipiga, watu watauliza kwa nini alimsema vile. Na bila mbiu hakuna kijana aliyetoka.

Mwanamke kwetu hachimbi kaburi, lakini nilibeba jembe nikaenda. Nilimkuta peke yake, udongo umemjaa mpaka kwenye nywele. Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu. Nikamnyooshea jembe. Hakulipokea.

"Shimo limekwisha, dada," akasema. "Mimi nilihitaji neno lako moja, siku ile mkutanoni."