Taa za Bibi Mjane

Siku hizi taa ya gari ikiungua unatuma mtu dukani, anarudi na glopu mfukoni kabla chai haijapoa. Miaka ile ya Ujamaa, pale kwetu Temeke, taa za mbele zilikuwa adimu kuliko sukari. Sukari angalau ilikuwa na foleni.

Mume wangu alikuwa na teksi, Pijo ya zamani. Taa zake ziliingia maji, ndani zikashika kutu mpaka zikawa nyeusi. Kila Jumapili alizifungua, akazisugua kwa majivu, akazirudisha, na mimi nikamwambia anajichosha bure. Kwa kazi za mchana hakuna abiria aliyejali. Tatizo lilikuwa ukaguzi wa trafiki. Teksi isiyopita haikuruhusiwa barabarani, na wakati ule mwanamume asiye na kazi mjini alikuwa akikamatwa na kupelekwa kijijini kulima. Mume wangu jembe alilijua kwa kuliona tu.

Kilichotuokoa ni bibi mmoja mjane, mwenyeji wa pale tangu zamani. Gari la marehemu mumewe, Pijo kama letu, lilikuwa uani juu ya mawe, halina injini, lakini taa zake mbili zilikuwa nzima. Alizitunza chini ya kitanda, zimefungwa kwenye kanga. Wenye teksi wa mtaani waliziazima kwa zamu siku za ukaguzi. Unamwamkia, unapewa, unazifunga, unapita, unazifungua tena na kuzirudisha zimefutwa vumbi. Malipo hakutaka. Alitaka ukae kidogo barazani umpe habari za mjini.

Mkaguzi naye hakuwa mtu wa kuchezewa. Ilipofika zamu ya mume wangu alichuchumaa mbele ya gari, akakuta kwenye ukingo wa taa alama ya rangi nyekundu, aliyoiweka mwenyewe siku zile taa zilipokuwa kwenye teksi nyingine.

"Taa zimepita," akamwambia. "Gari lako bado."

Akampa wiki moja. Taa zile, akasema, sasa zichague gari moja zikae huko huko. Akiziona zinahama tena, atayasimamisha magari yote mawili.

Mume wangu alikuja nyumbani akalala na viatu. Mimi nilikuwa nawaza jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mtu wa Kusini, naye mwenye teksi, ambaye ukaguzi wake ulikuwa wiki ileile. Habari ingemfikia wakati wowote. Sikungoja. Nilijifunga kanga nikaenda kwa bibi.

Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza yote. Nikamwambia safari hii sikuja kuazima, nimekuja kuomba moja kwa moja. Nililia, na sikuwa naigiza. Akauliza kama kuna mwingine mwenye shida kama yangu. Nikamtaja jirani. Akauliza kama ameshakuja. Nikasema bado.

"Basi chukua wewe uliyekuja, mwanangu."

Nilikaa nikampa habari za mjini kama ilivyokuwa desturi, ingawa roho yote ilikuwa kwenye lile furushi mapajani. Nilipotoka nilikutana na mke wa jirani kwenye uchochoro, anakuja. Tuliulizana hali. Aliliangalia furushi, akageuka, tukarudi pamoja tukizungumzia bei ya dagaa.

Gari letu lilipita. La kwao halikupita. Mumewe alihangaika mjini kutafuta taa, akakosa, na baada ya mwezi na kitu wakafunga mizigo. Nilifurahi kubaki, sitasema uongo. Nilifurahi huku nawasikia ng'ambo ya ukuta wakikunja magodoro.

Asubuhi ya kuondoka yule mke wa jirani alikuja kuniaga. Hakukaa. Aliniuliza kama taa zinawaka vizuri.

Nikamwambia zinawaka.