Mashine Iliyobarikiwa Kabla ya Kujaribiwa

Vuta kigoda ukae, ndugu yangu, maana aibu hii nimeibeba vya kutosha, na hapa Soweto, Mbeya, kila anayeisimulia huisimulia vibaya. Mimi ndiye yule seremala aliyemmwagia mzee wa kanisa togwa kwa kutumia ubao.

Nilinunua mashine kuukuu ya useremala kutoka karakana ya misheni kule karibu na Nyololo, zile za chuma kizito ambazo mashine moja inaranda, inapasua na kutoboa (siku hizi hazitengenezwi hivyo, na atakayebisha aje anibishie mimi). Ilikuwa imelala chini ya turubai, kutu mpaka juu ya meza, nami nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikaisugua kwa msasa, nikaweka beringi mpya, nikanoa visu mpaka vikanyoa nywele za mkono wangu. Sababu nilikuwa nayo. Kanisa letu lilikuwa linatafuta fundi wa kutengeneza mabenchi yote ya jengo jipya, na kazi ile ingenitoa kwenye vigoda na fremu za picha.

Fundi umeme akaja kuunganisha umeme wa fezi tatu. Alipomaliza akaniuliza, "Bosi, tuwashe kidogo tuone?"

Mke wangu, Mama Kyusa, akadakia kutoka mlangoni. "Chombo kipya hakiwashwi kabla ya maombi, Baba Kyusa. Utaita mikosi."

Nami nikamwambia fundi aende zake, tutawasha Jumamosi mbele ya mchungaji. (Hebu niambie: gari jipya hubarikiwa baada ya kuendeshwa kutoka Dar es Salaam mpaka huku, na hakuna anayesema kitu. Kwa nini mashine yangu ndiyo isubiri?)

Jumamosi wakaja: mchungaji, kwaya, na kamati ya ujenzi ikiongozwa na Mzee Sanga ndani ya suti ya kijivu. Maombi yakawa marefu na mazuri, nikabonyeza swichi, mashine ikanguruma mpaka machozi yakanilengalenga, nikachukua ubao nikausogeza kwenye visu kwa madaha, na visu, badala ya kunipinga kama inavyotakiwa, vikaunyakua, ukaniponyoka, ukaruka ng'ambo ya meza, ukapiga ndoo ya togwa ya wageni, na togwa yote ikaishia kwenye suruali ya Mzee Sanga.

Harufu ya ubao ulioungua ikatanda.

"Ndiyo maana wazungu waliiacha," akasema mama mmoja wa kwaya.

Nikazima, nikaeleza taratibu kama ninavyowaeleza wanaojifunza kazi kwangu: mota inazunguka kinyume, waya mbili zimepishana, si pepo, nipeni muda kidogo tu. Nani alinisikiliza? Mwimbaji mmoja alikuwa ameshaanza kukemea. Mzee Sanga alikuwa anakamua suruali.

"Fundi," akasema kwa upole (upole huo ndio ulioniudhi zaidi), "kanisa halitakalia mabenchi ya mashine inayorudi nyuma."

"Mzee, ni waya tu."

"Ndaga, asante, mwanangu. Tumeona."

Jumatatu fundi umeme akabadilisha waya, kazi fupi kuliko kumaliza soda, na ubao ukatoka laini kama shavu la mtoto. Lakini mabenchi yalikuwa yameshakwenda kwa jirani yangu Mgaya, anayeranda kwa mkono. Na unajua Mgaya alifanya nini? Mgongo ulipomzidi akaleta mbao za kanisa kwangu, kwenye toroli, mchana kweupe, nimrandie. Nikaziranda zote. Sasa kila Jumapili Mzee Sanga hukalia mbao zilizopita kwenye mashine ile ile, na tukitoka ibadani hunishika bega akaniambia ananiombea nipate mashine nzuri.

Wewe unayefufua mashine ya zamani, usikate tamaa, ni kazi tamu na utaiweza. Ila siku ya kuunganisha umeme, vua kwanza mkanda kwenye mota, washa, kisha tazama puli (kile kigurudumu cha mkanda) inazunguka upande gani. Ikizunguka kinyume, zima meni swichi, mwambie fundi umeme abadilishe nafasi za waya mbili kati ya zile tatu, jaribu tena, ndipo urudishe mkanda. Ukimaliza hayo, mwite mchungaji.